Mwaka wa Kumtafsiria Mama Gulshan

Mara tu Kaka Festo alipoingia ukumbini, Nasreen aliuvuta mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni akauweka chini, katikati ya miguu yake. Sijui kama kuna mwingine aliyeona. Mimi niliona, maana ndiyo tabia yangu: huangalia mikono ya watu kabla ya nyuso zao, na ugonjwa huu nakumbuka vizuri nilikoupatia. Siku hiyo ya mkoba ilikuwa mwaka 2019, huku ughaibuni, Don Mills, siku tuliyomzika Mama Gulshan, mama yake Nasreen. Watu walikuwa wanakunywa chai na kupeana pole. Kaka Festo alikuwa amezeeka, mvi kichwa kizima, na suti iliyompwaya mabegani. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na mitano. Alinipungia mkono kutoka mbali, akatafuta kiti, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kile kile kilichotolewa mkoba. Akakaa bila kujua. Nami nikiwa na sahani ya sambusa mkononi nikahisi aibu inanipanda toka miguuni, kwa sababu katika ukumbi ule wote mimi peke yangu nilijua kwamba mkoba ule haukuwa na haja ya kuhamishwa.

Mwaka ninaousema ni 2004. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nasoma chuo huku Scarborough, na nilipanga chumba chini ya nyumba ya Mama Gulshan pale Malvern. Chini kulikuwa na vyumba viwili na jiko moja. Cha kwanza changu, cha pili cha Kaka Festo, mtu wa Musoma, mkubwa kwangu kwa zaidi ya miaka ishirini, aliyekuwa dereva wa gari la kusambaza mikate. Alikuwa akitoka alfajiri na kurudi saa nane mchana, akisonga ugali na kuchemsha dagaa walioletwa na rafiki yake, mpaka Mama Gulshan anapiga kelele kutoka juu: "Bwana Festo! Nyumba yote inanuka ziwa!" Naye anajibu, "Karibu, Mama, ziwa halina wenyewe!" Mama alikuwa Mwismailia, mzaliwa wa Iringa, mjane wa miaka sabini na kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Iringa hasa, kilichonyooka kuliko changu. Macho yake yalikuwa yanakufa. Aliona pembeni tu; katikati, alisema, kuna moshi. Uso wako hakuuona mpaka ageuze kichwa kama anayesikiliza jambo ukutani.

Kazi yangu pale juu aliipanga Nasreen, binti yake, aliyekuwa akiishi Don Mills na kuja Jumamosi na Jumapili. "Mama anapenda vipindi vya Uingereza," aliniambia, "those slow ones. Sasa haoni. Kaa naye jioni moja moja, please, umwambie nini kinatokea." Nikapanda. Mama Gulshan alikuwa kwenye kochi la kijani, chai ya tangawizi mbele yake, tasbihi ya kaharabu ya marehemu mumewe mkononi. Nikaanza kumweleza kwa Kiingereza, akaninyamazisha. "Kwa Kiswahili, binti. Kiingereza changu cha dukani. Hawa wanaongea kama wana maji mdomoni." Ukutani kulikuwa na kabati zima la vitabu vya Kiingereza. Nikamuuliza, akasema vya marehemu. Nikamwamini, wakati ule nilikuwa bado naamini.

Kutafsiri picha sikufundishwa na mtu. Kila aliyekulia kwetu na akawahi kuketi kwenye benchi la kibanda cha video anajua inavyofanywa: mtu mmoja na kipaza sauti, sauti yake moja ikisema maneno ya wanaume, wanawake, farasi na mabomu, akiwapa wazungu majina ya mtaani, akichomeka methali pale mwandishi wa picha alipolala. Hafuati maneno, anafuata mwendo. Ndivyo nilivyofanya. Mpelelezi mmoja mzee mwenye kikohozi nilimbatiza Afande Mbaruku. Mke wa mchungaji aliyejua siri za kijiji kizima akawa Shangazi Pilipili. Kulikuwa na kichekesho kuhusu kamati ya kanisa iliyogombania ufunguo wa ukumbi, msimu mzima ufunguo haupatikani, na mwenyekiti wao nilimwita Balozi wa Nyumba Kumi. Mama Gulshan alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini nikagundua kitu: mara nyingine alicheka kabla sijamaliza, na mara nyingine kabla sijaanza. Nikajiambia anafuata vicheko vya hadhira vilivyorekodiwa. Kamati ya kanisa haikuwa na vicheko vya kurekodiwa. Hilo nililiona na nikaliacha lipite.

Nitasema neno kuhusu vipindi vile, kwa sababu vijana wa siku hizi wananiuliza watazame nini na mimi huwarudisha kule kule. Watafuteni Waingereza wa zamani, wale wa picha zenye chengachenga na mvua isiyokoma. Waigizaji wake wana meno ya kweli na vitambi vya kweli. Hakuna anayesema anachotaka. Mtu akimchukia ndugu yake anamwongezea chai. Askari wao hawafyatui risasi, wanakaa jikoni kwa mshukiwa wanakula keki, na keki ikiisha mshukiwa ameisha. Vichekesho vyao havina shujaa, vina mtu mwenye cheo kidogo anayekililia cheo hicho kama roho yake, na wewe unacheka hadi unapomkumbuka mjomba wako. Vya siku hizi pia vipo vizuri, vifupi, sehemu sita na basi. Ila navyo nina kisa. Ukitazama upelelezi jioni nne kwa wiki, nyumba unayoishi inaanza kubadilika. Nilianza kuona nani kahamisha kijiko. Nilianza kujua hatua za Kaka Festo kwenye ngazi, na kujiuliza kwa nini leo zimesimama pale katikati.

Zilisimama kwa sababu alikuwa amekaa. Hilo nalo nilichelewa kulielewa. Kiingereza chake kilimtosha kwa mikate na taa za barabarani, kisha basi, na kupanda sebuleni kwa mwanamke mjane aliona si adabu. Kwa hiyo alikuwa akiketi kwenye ngazi za kutoka chini, mlango wazi kidogo, sahani magotini, akisikiliza picha kupitia mdomo wangu. Mama alijua. Picha ikiisha na mhalifu akakamatwa, sauti ilikuwa ikitoka gizani: "Siku za mwizi arobaini!" Na Mama anaitikia, "Amina, Bwana Festo." Kila mara hivyo. Nikawa na hamu na sauti ile, naisubiri kama mtu anavyosubiri kijembe cha mwisho kwenye taarabu.

Mwezi wa nne tasbihi ikapotea. Mama alizoea kuiweka kwenye kisanduku cha mbao juu ya stuli, kulia kwake, bila kuangalia. Asubuhi moja akapeleka mkono kisandukuni, mtupu. Nasreen alikuja, akang'oa mito yote ya kochi, akalipindua kochi lenyewe, akamulika tochi mpaka ndani ya springi zake. Hakuna. Alinikuta jikoni naosha vikombe. "Tunu, sikutuhumu, okay? Nauliza tu. Ni wewe unayekaa pale." Neno "nauliza tu" nalijua, ndilo walilosema maafande wote wa kwenye picha kabla hawajatoa pingu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Niliona chumba changu kinaondoka, na kibaya zaidi nikaliona jina langu linapita misibani na harusini kwa Watanzania wa mji huu, ambao ni wachache na wote wana simu. Sikuwa na ndugu hapa hata mmoja wa kunitetea. Niliogopa. Na mtu akiogopa hutafuta mwingine wa kusimama mbele yake.

Nikampata Kaka Festo. Wiki ile ile nilikuwa nimemwona asubuhi akitoka sebuleni, Mama hayupo, mkono mfukoni. Alinisalimia haraka akateremka. Kumbe alikuwa akipanda kila balbu inapoungua, Mama mwenyewe aliniambia baadaye, lakini wakati ule nilishafunga kesi. Niliangalia viatu vyake. Nilinusa chumba chake nikipita. Aliponiletea mkate wa zabibu uliobaki kazini nilijiuliza ananinunua kwa nini. Nasikitika kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Wakati huo televisheni ilikuwa inarusha tamthilia ya sehemu sita, kila Jumapili saa kumi alasiri. Jumba kubwa, familia ya kiungwana iliyofilisika, watumishi chini, mabwana juu. Sehemu ya pili mkufu wa lulu wa Bibi Mkubwa ukapotea. Unaweza kufikiria hali yangu. Mama Gulshan amekaa, mkono wake wa kulia unatafuta tasbihi isiyokuwepo, na mimi nimemsogelea namtafsiria wizi. Kwenye picha wote walimshuku mjakazi, msichana mwembamba aliyelala chumba cha chini. Sehemu ya tatu nilimpunguzia maneno. Sehemu ya nne nilimwongezea swala. Sehemu ya tano dereva wa familia, mzee mpole aliyesema maneno kumi picha nzima, nikampa kicheko kibaya ambacho mwandishi hakumpa.

Sehemu ya sita mjakazi alikiri. Alisimama mbele ya dirisha, na mvua nje, akasema ni yeye, aliuchukua kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaamini kwamba atauchukua. Ilikuwa dakika nzuri sana ya televisheni, na mimi niliiona vizuri, na nikasema: "Mjakazi anasema alimwona dereva. Dereva aliingia kwa mlango wa jikoni. Dereva ndiye mwizi. Anakiri sasa."

Mama Gulshan aligeuza kichwa upande, ili anione. "Dereva?"

"Ndiyo, Mama."

"Una hakika?"

"Amekiri mwenyewe."

"Haya," akasema. Muziki wa mwisho ukapiga. Nikasubiri ile sauti ya kwenye ngazi. Haikuja. Nilisikia sahani ikiwekwa kwenye sinki la chini, taratibu, kisha mlango.

Jumamosi iliyofuata Kaka Festo alihamia Brampton, kwa mtu wa kwao. Alifunga vitu vyake kwenye maboksi ya mikate. Mimi nilisimama mlangoni nikajifanya namsaidia. "Koleo la theluji liko nyuma ya mlango, dada," alisema, "na chumvi usiimwage nyingi, inaharibu ngazi za Mama." Hakunitazama. Kwa Nasreen jambo likawa limekwisha: "See? Asiye na hatia haondoki." Nililala vizuri, nalo niliseme, kwa wiki nzima.

Mwezi wa kumi maktaba ilinipigia simu. Mama alipenda nimletee kanda za zamani, na mwezi wa nne nilikuwa nimeazima boksi la plastiki jeusi la kanda mbili, ambalo kanda yake ya pili ilipotea zamani, nafasi yake iko tupu. Kwa miezi sita hakuna aliyelitaka boksi lenye nusu ya hadithi. Sasa mfanyakazi alikuwa analitoa rafu ili litupwe, akalifungua, akakuta shanga. Jina la mwisho kuliazima lilikuwa langu. Nilifika pale nikapewa bahasha, na ndani yake tasbihi ya kaharabu. Nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi. Boksi lile lilikuwa sawa kwa ukubwa na kisanduku cha mbao. Nililiweka wazi juu ya stuli, kulia kwake, picha ikiwa inachezeshwa. Naye, bila kuona, akaiweka tasbihi mahali pake pa siku zote. Kisha nikarudisha kanda, nikalifunga, nikalitia begini mwangu na kulibeba mpaka maktaba. Afande Mbaruku asingehitaji hata keki. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ilikuwa yangu na mlaji mimi.

Hapa ndipo ningeweza kuwa mtu mzuri. Njia nzima kwenye basi nilipanga maneno. Nilipofika, nikasikia kwamba Kaka Festo alikuwa amekuja Jumamosi kumsalimia Mama, kaleta mapera, wamekaa saa nzima. Nikaingia sebuleni, Mama yuko chooni, nikaisukuma tasbihi nyuma ya mto wa kochi. Aliporudi nikapiga kelele ya furaha. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, kisha akaisogeza puani akainusa kwa muda mrefu. Ilinuka karatasi na vumbi. "Umeipata wapi?"

"Nyuma ya mto, Mama."

"Haya."

Nasreen alipokuja hakudanganyika kuhusu kochi. Alikuwa ameshalipindua kwa mikono yake mwezi wa nne. Alichojua ni kwamba tasbihi haikuwemo na sasa imo, na katikati yake Festo alikuja na mapera. "Ameogopa dhambi, kairudisha kimyakimya," alisema. Akampigia simu mbele yangu, kwa upole wa kutisha, akamwambia asije tena nyumbani kwa mama yake. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikisugua mpaka kikapiga kelele.

Jioni ile Mama Gulshan hakutaka televisheni iwashwe. Alikaa na tasbihi yake akasema, "Tunu, nisimulie tena mwisho wa ile ya mkufu wa lulu. Nimeusahau." Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umegeukia ukutani, maana yake alikuwa ananitazama. Nikamsimulia. Mvua, dirisha, mlango wa jikoni, dereva. Alinisikiliza mpaka neno la mwisho, akaniongezea chai bila kuulizwa. Tangu siku ile hakuomba tena upelelezi. Vichekesho tu, miezi yote hadi nilipomaliza chuo nikahama. Kamati ya kanisa na ufunguo wake, mara mbili, mara tatu. Nilidhani amechoka na maiti.

Haya yote nilikuwa nimeyakunja na kuyaweka mbali mpaka siku ile ya mazishi. Kabla Kaka Festo hajaingia, mzee mmoja wa Iringa alisimama kumzungumzia marehemu. Alisema alikuwa mwanafunzi wake. Alisema Mama Gulshan alifundisha Kiingereza sekondari miaka kumi na minane, na kwamba hakuna mtu aliyemfikia kwa kusoma kwa sauti. Darasa zima lilikuwa likitulia hata mvua ikipiga bati. Nilimgeukia Nasreen. "Mama alijua Kiingereza?" Akanishangaa. "Of course. Better than me. Wewe ulikuwa hujui?" "Sasa mimi nilikuwa namtafsiria nini?" Nasreen akafuta macho. "Alikuwa mpweke wa Kiswahili, Tunu. Sisi wote tulikuwa tunamjibu kwa Kiingereza. Alitaka mtu amsemeshe, basi."

Nikabaki na sahani yangu. Alicheka kabla sijaanza. Aliniuliza una hakika. Aliniuliza mwisho mara ya pili, miezi minne baadaye, na tasbihi inayonuka maktaba mkononi, akanipa mlango wazi kabisa nipite, na mimi nikaufunga. Alijua mjakazi alisema nini mbele ya dirisha. Jioni ngapi alikaa na mimi akijua? Kwa nini hakunifukuza? Kwa nini hakumwambia binti yake? Nimelifikiria jambo hili kwa wema na kwa ubaya. Labda alikuwa mwalimu na alisubiri mwanafunzi asahihishe mwenyewe. Labda aliogopa kubaki bila mtu wa kumsemesha, akamtoa Festo kafara ili abaki na mimi. Bado namshuku hata sasa, ameshazikwa. Ndivyo alivyoniacha.

Ndipo Kaka Festo alipoingia, na mkoba ukashuka chini.

Niliiweka sahani. Nikaenda nikasimama mbele yao wawili, Nasreen na yeye, nikamwambia Nasreen yote. Boksi jeusi, stuli, begi langu, maktaba, mto wa kochi. Nilisema kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, bila kuongeza jina wala methali, na nilipofika kwenye ile ya mkufu wa lulu nikasema vile mjakazi alivyosema hasa. Watu wa meza ya karibu waliacha kunywa chai. Nililia, lakini nilifika mwisho.

Nasreen alikuwa anautazama mkoba katikati ya miguu yake. "Kila Jumamosi alikuwa anasogea dirishani," alisema hatimaye, polepole, Kiswahili kitupu, kama mtu anayetembea juu ya barafu. "Nikimwuliza, Mama, unangoja nani, anasema hakuna. Mimi ndiye niliyemkataza asimfungulie huyu mlango."

Kaka Festo hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, mikono yake mikubwa ya mikate juu ya magoti. Nilingoja matusi, nilistahili. Alijikohoza.

"Kwa hiyo, Tunu," aliuliza, "kwenye ile picha, dereva hakuiba?"

"Hakuiba, Kaka Festo. Hata chumbani hakuingia."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili, kama mtu aliyeletewa barua iliyochelewa. "Mimi nilijua," akasema. "Ila picha ile niliisikia kwako, nikataka na mwisho wake niusikie kwako."